UZI: Wakubwa waliotutoka karibuni na wasia waliouacha juu ya mazishi yao

mkaabaraza (Amu)

Assalam aleikum nduzangu, na wasio Waislamu hamjambo nyote. Nafungua uzi huu tuwakumbuke watu wakubwa waliotutoka hii miaka ya karibuni, lakini naomba tusiugeuze uzi wa kubandika picha na kuandika pumzika salama kisha mtu apite zake. Picha tushaziona. Mimi kuna jambo limenikaa moyoni na kila nikikaa na watu hapa mjini naona limewakaa na wao, nalo ni namna hawa watu walivyoagiza wazikwe.

Tuanze na Raila Odinga. Alifariki Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025 asubuhi kule Kerala, India, alikokwenda kutibiwa, yuko kwenye matembezi yake ya asubuhi akaanguka, umri miaka 80. Habari ilipofika huku watu hawakuamini, hata wale ambao hawajampigia kura maisha yao. Alafu ikatoka habari ya pili kwamba ameacha wasia azikwe ndani ya saa 72. Hapo ndo wazee wakatazamana, manake tumezoea mkubwa wa bara akifa akae mochari wiki mbili tatu, kamati ya mazishi iundwe, grupu la WhatsApp lifunguliwe, michango ipigwe, mahema yakodiwe, ng'ombe watafutwe, na maiti yuko kwenye barafu anangoja.

Alhamisi mwili ukafika Nairobi, bintiye Winnie akateremka kwenye ndege ameishika kofia ya babake, mimi pale machozi yalinitoka. Siku hiyohiyo Kasarani risasi zikapigwa na watu wakafa, Mungu awarehemu, mtu katoka kwake kwenda kumlilia kiongozi wake nyumbani wakaletewa maiti. Ijumaa Nyayo, Jumamosi Kisumu, Jumapili tarehe 19 akawa ardhini Bondo, Kang'o ka Jaramogi, alipolala babake. Mtu aliyekuwa waziri mkuu, aliyegombea urais mara tano, kutoka India mpaka kaburini hata wiki haikuisha.

Na si yeye wa kwanza. Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi, helikopta ilianguka Elgeyo Marakwet Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024, yeye na wanajeshi wengine tisa, na Jumapili tarehe 21 akazikwa kwao Siaya bila sanduku. Mkuu wa majeshi ya Kenya, bila sanduku, kwa sababu ndivyo alivyowausia watu wake akiwa hai.

Sasa kwa sisi wa huku hilo ndilo tunalolijua tangu utoto. Mtu akifa alfajiri, msikitini watangaza, wengine washika majembe, wengine waenda kukata sanda, wa kuosha waosha, na kama hakuna mtu wa karibu anayengojewa kutoka Mombasa basi adhuhuri ama alasiri ashaswaliwa. Gari hakuna, vichochoro vyetu mnavijua. Jeneza ni la msikiti, lapita begani, na mwenye duka akiliona latoka huko aacha mzani na mteja wake, aingia chini yake hatua kadhaa kisha ampisha mwingine, awe alimjua maiti ama hakumjua. Kaburini maiti atiwa mwanandani, viunza, yaani zile mbao za kumfunika, vyapangwa, mchanga, talakini ya kumsomea maiti, dua, watu warudi. Jeneza larudi msikitini likamngoje mwingine. Tajiri na mchukuzi wa mizigo wa pale jeti wote ni jeneza hilohilo.

Kwa hivo kumuona mtu wa kiasi cha Raila na Ogolla wanalitaka hilo wenyewe, na si dini iliyowalazimisha, kwangu mimi ni jambo kubwa kuliko hotuba zote zilizosomwa. Wamewatua mzigo wajane na watoto wao. Nyinyi mwaonaje, na kwenu inakuwaje?

mwalimu_wa_ziwani (Malindi)

Kaka mkaabaraza shukran kwa uzi. Mimi ni mtu wa Siaya lakini Malindi nimeishi mpaka watoto wangu wanaongea Kigiriama kuliko Kijaluo. Naomba nikupinge kidogo kwa heshima.

Kwetu mazishi si gharama tu. Mtu akifa kuna ndugu yake Kampala, kuna binti ameolewa Tanzania, kuna shemeji zake, na kila mmoja ana mahali pake pa kusimama na neno lake la kusema. Kuna tero buru, ng'ombe wanatolewa na vijana wanakwenda mbio kukifukuza kifo. Mtu akizikwa upesi hawa wote wanafika kaburi limeshafunikwa na wengine hawasahau mpaka wao nao wanakufa. Na hizo saa 72 za Baba Raila ziliwabana watu, mamilioni walitaka kumuaga na nafasi ilikuwa siku tatu tu, mimi naamini ile fujo ya Kasarani na ule msukumano wa Nyayo vingepungua kama kungekuwa na siku zaidi. Nilikuwa nimeshapanga kusafiri, nikahesabu basi la Malindi mpaka Mombasa, Mombasa Nairobi, Nairobi Kisumu, nikaona nitafika wanapukuta mikono. Nikabaki na TV.

Lakini hapohapo lazima niseme upande wa pili. Nyinyi mnakumbuka kesi ya S.M. Otieno? Wakili mkubwa wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Disemba 1986, mkewe Wambui akataka azikwe shambani kwao Upper Matasia karibu na Ngong, ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Mjaluo anazikwa kwao. Wakaenda kortini mpaka mahakama ya rufaa, ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Hesabu mwenyewe miezi, na muda wote huo yuko mochari. Nchi nzima ilikuwa inasoma gazeti kwa ajili ya maiti mmoja. Wambui hakwenda mazishini. Kwa hivyo mtu wa Nyanza kuagiza siku tatu, tena mtu mwenye jina la Odinga, na jamii ikanyamaza ikatii, hilo mimi pia limenishangaza. Miaka ile lisingewezekana.

baharia_shela

Mwalimu nimekuelewa ila hilo la watu wa mbali hata huku lipo. Mtu yuko baharini siku kadhaa, akirudi aambiwa babako tumeshamzika. Yaumiza. Lakini kuna khitma, kuna arubaini, kuna kuzuru kaburi. Kumlilia mtu hakuna tarehe ya mwisho, mwili ndo una haraka.

kadzo_msabaha (Malindi)

Ndugu zangu hodi humu. Baharia umesema neno langu, kwamba mwili ni kitu kimoja na kumbukumbu ni kitu kingine, na mimi nataka nikae hapo manake uzi unaitwa kuwakumbuka wakubwa na hakuna aliyewataja wakubwa wetu Wagiriama.

Kwetu mzee wa Gohu, kile chama cha wazee wa Kigiriama, akifa anazikwa, matanga yanakaliwa, yanaisha. Kazi haijaisha. Baadae, inaweza kupita hata miaka, yule marehemu anawajia watu wake ndotoni ama ugonjwa unaingia bomani, na hapo inajulikana anadai kigango chake. Fundi anachonga mti mgumu, kichwa cha mviringo, kifuani michoro ya pembetatu, kinasimikwa na kinalishwa, na kuanzia hapo ndipo roho yake inapokaa. Kikishasimikwa hakiguswi. Watu wakihama mji kinabaki palepale mpaka mchwa na mvua vikimalize, na hiyo ndiyo heshima yake.

Sasa wengi humu hamjui kilichofanyika. Miaka ya 80 vijana walikuwa wanang'oa vigango usiku wanawauzia wenye maduka ya vinyago huku pwani, na wenye maduka wanawauzia wazungu, vikaishia Marekani kwenye majumba ya makumbusho na sebule za matajiri. Kuna mtafiti anaitwa Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa huku Kaloleni mwaka 1985 amesimama na vigango vya nduguze, muda si mrefu vikaibwa, na miaka ikapita yule mama akaja kukiona kimojawapo Marekani kwenye mkutano, kiko kwenye picha za jumba la Illinois. Ilichukua zaidi ya miaka 20 tangu wizi mpaka vikarudi. Mwaka 2014 jumba la Denver likatangaza kurudisha 30, na mwaka 2022 Illinois wakarudisha 37.

Mimi nasema hivi, ukichukua kigango umemuua yule mzee mara ya pili. Kwa hivo kaka mkaabaraza ukisema wakubwa wametufunza kuzikwa bila mambo mengi nakubaliana nawe kwa upande wa sherehe, manake hata kwetu matanga yamekuwa disko, mashine usiku kucha, na watoto wa shule hawalali na mengine mabaya yanafanyika huko gizani. Hayo yaondoke. Lakini alama ya mtu isiondoke.

mkaabaraza (Amu)

Dada Kadzo, wallahi hayo ya vigango nilikuwa nayasikia juujuu tu. Nimeyasoma nikarudia. Mzee mzima amesimikwa kwake aende awekwe kwenye kabati la kioo Marekani watu walipe tiketi kumtazama, ni dhulma. Na nakubali, mimi pia sisemi tusahau. Maulidi ya msikiti wa Riyadha hapa Amu kila mwaka twamkumbuka Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuanzisha, aliyefariki 1935, watu waja kutoka Comoro, Zanzibar, Uganda, na hakuna aliyekuwepo maziko yake.

mkatoliki_wa_malindi

Amani kwenu. Naongeza Papa Fransisko. Alifariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, miaka 88, siku moja tu baada ya kutokea pale kwenye roshani akabariki watu. Sisi Malindi tunaishi na Waitalia wengi, asubuhi ile kwenye mikahawa yao ilikuwa kimya kile ambacho hukisikii hapa mjini, mama mmoja wa makamo wa Kiitaliano ninayemuuzia mboga alinishika mkono hakusema kitu akawa analia tu, na mimi nikalia naye.

Wasia wake aliuandika Juni 2022. Alitaka azikwe kwenye kanisa la Santa Maria Maggiore na si ndani ya Vatikani, kaburi liwe ardhini, la kawaida, bila mapambo, liandikwe jina moja tu, Franciscus. Kabla yake Mapapa walikuwa wanatiwa kwenye masanduku matatu, moja ndani ya jingine, la mvinje, la madini ya risasi na la mwaloni. Yeye alibadilisha kanuni mwenyewe akiwa hai, likawa sanduku moja la mbao lenye bati ndani. Na siku ya maziko, tarehe 26, marais na wafalme walikaa kule uwanja wa Mtakatifu Petro, lakini waliompokea mlangoni pa kanisa alipozikwa walikuwa maskini, wakimbizi, wafungwa, watu wasio na nyumba, kila mmoja ameshika ua jeupe. Hilo la mwisho ndilo ninalomkumbuka nalo zaidi ya yote. Alipokuja Kenya Novemba 2015 pia alikwenda Kangemi kuwaona watu wa mabandani, kwa hivyo hakuanza siku ya kufa.

mwalimu_wa_ziwani (Malindi)

Amina. Na tusimsahau Wangari Maathai, ingawa ni zamani kidogo, Septemba 2011. Alisema asitengenezewe sanduku la kukatia mti. Wakamfumia la magugumaji na mafunjo juu ya fremu ya mianzi, akachomwa Kariokor. Magugumaji yanayotusumbua sisi ziwani yakawa ndiyo yaliyombeba.

Na Ngũgĩ wa Thiong'o aliyefariki Marekani tarehe 28 Mei 2025 akiwa na miaka 87, bintiye Wanjikũ alipotoa habari alisema wasia wake wa mwisho ni watu washerehekee maisha na kazi yake. Mtu aliyefungwa Kamiti bila kesi akaandika kitabu kizima kwenye karatasi za chooni ana haki ya kuomba asililiwe.

sauti_ya_zamani (Lamu)

Wanangu nawasoma tangu juzi. Mazungumzo mazuri lakini uzi umejaa makaburi mno, nami kwa umri wangu nayaona karibu, kwa hivo niruhusuni nimlete mtu kwa uhai wake.

Leonard Mambo Mbotela. Alifariki tarehe 7 Februari 2025, miaka 84. Huyu ni mtoto wa pwani, kazaliwa Freretown Mombasa mwaka 1940, kwenye ule mji uliowekwa na wamishonari kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini, na ukoo wake ni wa hao watu. Nawaambia vijana, kabla ya hizo simu zenu, Kiswahili cha redio ya Sauti ya Kenya kilikuwa ni Mbotela. Kipindi chake cha Je, Huu ni Uungwana kilianza miaka ya 60 na kikadumu zaidi ya nusu karne. Alikuwa anachukua jambo dogo la mtaani, mtu amekwenda kula harusini hakualikwa akafunga na cha kwenda nacho nyumbani, ama mtu atema mate ndani ya basi, ataeleza kwa utulivu, kwa Kiswahili kilichonyooka, hatukani mtu, alafu auliza, je, huu ni uungwana? Na babangu pale barazani alikuwa anamjibu kwa sauti, si uungwana! kana kwamba yule bwana yuko palepale.

Na mpira. Kama hukusikia Mbotela akitangaza mechi ya Harambee Stars huwezi kujua. Redio moja, watu wamejaa mpaka njiani, hakuna anayeuona uwanja lakini kila mtu auona. Sauti yake ilikuwa ikipanda kidogo kidogo kadiri mpira unavyokaribia goli, na sisi twainuka nayo.

Na tarehe 1 Agosti 1982. Alfajiri wanajeshi waasi walimfuata nyumbani kwake Ngara wakampeleka studio kwa mtutu wa bunduki atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Nilimsikia. Sisi tuliozoea ile sauti tulijua kuna jambo, manake ilikuwa yake na si yake. Akina Ochuka walioongoza uasi ule walimchagua yeye kwa sababu walijua Kenya nzima itamwamini. Na aliishi na siku ile maisha yake yote, kila mahojiano aulizwa hilo, na kila mara alijibu kwa adabu.

Huyo mimi simkumbuki kwa alivyozikwa. Namkumbuka kwa sababu mjukuu wangu akiongea ovyo mbele ya wageni namuuliza lile swali lake, naye ajua jibu ingawa hajawahi kumsikia.

baharia_shela

Mzee wangu shikamoo. Umenikumbusha Charles Hilary naye, alitutoka Mei 2025, Mzanzibari, sauti ile nzito ya BBC na baadae Azam. Tukiwa baharini usiku redio ndogo tumeifunga kwenye mlingoti, huyo ndo alikuwa anatuletea ulimwengu. Miezi mitatu tu baina yake na Mbotela.

sauti_ya_zamani (Lamu)

Marahaba mwanangu. Na kabla yao Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wa pili wa Tanzania, tarehe 29 Februari 2024, miaka 98, tarehe 2 Machi akazikwa Mangapwani Unguja. Mzee Rukhsa. Biashara ikafunguka, nguo na sabuni zikarudi madukani Tanzania. Lakini langu mimi kwake ni jingine, kwamba alipokuwa waziri wa mambo ya ndani miaka ya 70 watu wakauawa mikononi mwa askari kule Shinyanga, hakuua yeye, hakuamuru yeye, akajiuzulu. Nitajieni wa leo.

kadzo_msabaha (Malindi)

Hayupo, mzee wangu.

Naomba nirudi kidogo kwa lile la wasia, kuna swali nalihitaji kweli. Mimi mamangu bado yuko, Mungu ampe umri, na ameshasema anataka azikwe upesi na muziki usipigwe. Sasa wajomba zangu nawajua. Akiandika, sheria itanisaidia?

mwalimu_wa_ziwani (Malindi)

Dada, ninavyojua tangu zile kesi, korti za Kenya husema maiti si mali ya mtu, kwa hivyo wasia wa mazishi hauwafungi watu kama ule wa shamba. Lakini majaji wamesema pia matakwa ya marehemu yafuatwe kadiri inavyowezekana kama hayavunji sheria wala mila. Kwa hivyo aandike ndiyo, lakini maandishi peke yake hayatoshi. Bora zaidi awaambie wajomba mwenyewe, kwa mdomo wake, nyote mkiwa mmekaa. Ogolla na Raila walifanikiwa kwa sababu waliobaki walikuwa wameshasikia kabla.

mkaabaraza (Amu)

Mwalimu kasema kweli. Na awepo mtu wa nje ya familia, mzee wa mtaa ama kiongozi wa dini, asikie. Hata huku kwetu ambako mazishi ni ya haraka ugomvi huja kwenye mambo ya nyuma, madeni, nani asimamie watoto, kile kisima ni cha nani. Wasia tumehimizwa tulale nao chini ya mto lakini wanaoandika ni wachache, watu waona kama wajiita kifo. Mwalimu na wewe je, uliyetupinga mwanzo, ushaandika?

mwalimu_wa_ziwani (Malindi)

Nimeandika wiki hii kaka, uzi huu ndio ulionisukuma. Nimeandika nizikwe Siaya, hilo sikuligusa. Ndani ya wiki moja, si siku tatu, ili wa Kampala na Tanga wafike. Sanduku la mbao za kawaida kutoka kwa fundi wa palepale kijijini. Harambee isifanywe na watoto wangu wasiuziwe ng'ombe wao. Nikampigia kakangu mkubwa nikamsomea. La wiki moja amekubali, la sanduku amekubali, la harambee amekataa kabisa, anasema ukoo ukizuiwa kuchanga ni kama umeambiwa si ndugu zako. Nimemwambia basi wachange za karo za watoto badala ya mahema. Amesema tutalizungumza Disemba nikienda nyumbani, mbele ya wazee.